Jiwe Kwa Dada, Bunduki Kwa Mjomba

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nawaambia nyinyi wa rika langu, mliokula muhogo wa kuchoma pamoja nami Mtongwe, msije mkadhani najisifu kwa kuwa nimeshiba. Niliacha shule darasa la tano. Leo malori yangu yanalala Miritini na majina ya wanangu yameandikwa mbele, nyumba yangu ya Utange ina ghorofa na vigae, na wenye digrii zao huniamkia wakakaa barazani kungoja nimalize chai. Nimemwona mtu akilaliwa na kontena. Nimedanganywa na watu wa dini na watu wa benki, na wote nimewasamehe ila wa benki. Mtu kama mimi, wamshangaza na nini?

Basi ilikuwa harufu tu.

Binti yangu wa mwisho, Mwanahamisi, ndiye msomi wa nyumba. Alinijia siku moja akaniambia, "Baba, wewe hujapumzika tangu nizaliwe. Kuna mahali kule milimani nyuma ya Kwale, watu huenda kutembea porini kama watu wa kale."

"Kutembea vipi?"

"Wavaa kaniki na viatu vya ngozi, wabeba kibuyu, simu waiacha langoni. Wapewa na bunduki ya zamani, mwafuata nyayo za wanyama. Hamuui kitu, baba. Ni moshi tu na mshindo."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. "Yaani mtu atoa pesa ili atembee kwa miguu? Mimi nimehangaika maisha yangu yote ili nisitembee!"

Lakini nilikwenda, maana huyo binti simwezi. Tulipofika, kabla sijafungua mlango wa gari vizuri, kijana mmoja alikuwa akiwaonyesha wageni namna bunduki inavyolia. Ikalia. Moshi mweupe ukaja na upepo ukaniingia puani: harufu ya baruti, ile ya yai viza na chuma kilichoungua, na ndani yake kiharufu cha makumbi ya nazi. Nikakaa tena kwenye kiti cha gari. Mwanahamisi akauliza, "Baba, ni presha?" Nikamwambia ni joto. Haikuwa joto. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto, kifua wazi, na kijaluba cha shaba kinaning'inia shingoni.

Hicho kijaluba ni lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kitu.

Mjomba wangu Bakari, kaka yake mama, alikuwa na gumegume, bunduki ile ya kushindiliwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa jiwe. Ilikuwa ndefu kunishinda mimi. Kitako chake kilipasuka zamani kikafungwa waya wa shaba, na mbao yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Mjomba aliirithi kwa mjomba wake, na huyo kwa mjomba wake, maana kwetu sisi Wadigo wa kusini ya kivuko cha Likoni, pamoja na Uislamu wetu, kuna mambo ya ukoo yaliyobaki upande wa mama. Baba kwetu ni mtu wa heshima, lakini mtoto ni wa mjomba. Kwa hiyo bunduki ile ilikuwa yangu tangu nizaliwe. Nilipokuwa naota meno nilipewa kitako nikakitafuna, na alama zikabaki pale, vishimo viwili vidogo karibu na waya. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Ila bunduki na jiwe lake havikulala nyumba moja. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo wetu. Bunduki hulala kwa mjomba, jiwe hulala kwa dada. Mwanamume akipandwa na hasira, ni lazima kwanza avuke ua, abishe hodi kwa dada yake, aombe jiwe. Na dada amuulize, la nini? Hapo hasira ishapoa, au akaona haya. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, dogo kama kidole gumba, lina makali upande mmoja, limeviringishwa kwa kipande cha ngozi ndani ya kijaluba ambacho nyanya yangu alikuwa akitilia tambuu. Ukikifungua mpaka leo wasikia karafuu.

Desturi ile ilitusaidia hata na serikali. Askari wa chifu alikuja mara moja akauliza habari za silaha. Mjomba akamtolea bunduki nje mchana kweupe, akamwambia, "Iangalie. Ina jiwe? Bunduki bila jiwe ni mchi. Au wataka kuuchukua na mchi wa dadangu, wanangu wakose pilipili?" Askari akacheka, akapewa madafu, akaenda zake.

Nilipotoka jandoni mama akanivalisha kijaluba. Toka siku hiyo bunduki haikuweza kulia bila mimi.

Mjomba mjini hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Alibeba magunia kwenye duka la Mhindi, akarudi na unga masikioni, akatembea akiangalia chini kama aliyeangusha ufunguo. Nilikuwa nampenda na namwonea haya, vyote pamoja. Halafu akatokea Bwana Ngozi.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa Mzungu aliyekuja kila kiangazi, si kwa ajili ya bahari, bahari hakuitazama hata. Alivaa koti la ngozi alilolishona mwenyewe kwa mkono, kofia isiyo na umbo, na buti zisizo na kushoto wala kulia. Alitaka kwenda porini, huku nyuma milimani, kwa mwendo wa watu wa misafara ya zamani, na alikuwa amesikia kuna mtu Mtongwe mwenye gumegume linalofanya kazi. Alikuja na pembe ya baruti, akakaa juu ya kinu cha mama akidhani ni kiti, wakapatana na mjomba.

Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Tochi hataki. Kiberiti hataki. Makopo, plastiki, sabuni, vyote hataki. Wapagazi wavae kaniki, mizigo kichwani juu ya kata ya majani, na kandambili zao waziache nyumbani, miguu iwe mitupu au iwe na ngozi. Chakula ni mtama, muhogo mkavu na papa wa kukaushwa. Mpagazi mmoja aliitwa Kombo, kijana wa Ng'ombeni mwenye mdomo usiofungwa. Kombo alisema, "Sisi babu zetu walikimbia maisha haya, huyu ayafuata kwa nauli ya ndege!" Na sukari akaificha ndani ya kilemba.

Mimi sikucheka. Mimi nilimwonea huruma Mzungu yule. Nilidhani ni maskini. Mtu mzima hana tochi, hana kiberiti, agonga jiwe kwa chuma juu ya pamba mpaka vidole vyatoka damu ili apate moto wa kuchemsha maji! Safari ya pili nikaiba kiberiti cha mama, nikamfuata alipochutama akipuliza cheche zake, nikampa kwa mikono miwili. Alikishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Halafu akaangua kicheko, akanipapasa kichwa, akamtupia Kombo. Kombo akakitia kiunoni akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, endelea kuwahurumia maskini."

Lakini mjomba, jamani. Mjomba akishavaa kaniki, akajifunga pembe ya baruti begani, akashika bunduki, alikuwa mtu mwingine. Kichwa kiliinuka. Aliongoza yeye, na Mzungu alikuwa nyuma yake akikanyaga pale pale alipokanyaga. Alinuka moshi na mafuta ya nazi. Alisimama ghafla akanusa upepo, na watu wote wakasimama, hata mizigo ikaacha kulia. Mimi nilitembea kwenye kisigino chake. Nyasi zilinikata magoti, upupu uliniwasha nikakosa usingizi, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku niliyonunua lori la kwanza.

Akiona mnyama, swala au nguruwe mwitu, alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mimi nafungua kijaluba, namtilia jiwe kiganjani. Analikaza kwenye taya za mtambo, anamimina baruti, anashindilia makumbi ya nazi kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, anatia unga kidogo kwenye kisahani, anainua. Chaa! kisha buu! na moshi. Na kila mara mnyama hukimbia.

Kila mara. Hilo liliniuma. Nilimuuliza siku moja, "Mjomba, mbona wakosa?"

Akanitazama kwa upole. "Nakosa vizuri, mwanangu."

Sikujua kwamba kuwinda kulikwisha kupigwa marufuku, na ndani ya bunduki hakukuwa na risasi kamwe, ni baruti na makumbi tu. Mzungu alilijua hilo, wapagazi walilijua, swala nao nadhani walilijua. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiomba dua chini chini mnyama aanguke, ili mjomba wangu asiaibike.

Safari ya tatu ndiyo niliyotaka kuwasimulia, na ndiyo iliyonirudia pale kwenye kiti cha gari.

Nyanya yangu, mamake mama, alikuwa na tabia ya kutupa hadithi akipembua mchele, na hadithi zake hazikuwa za sungura. Alitusimulia njaa za zamani, kabla ya yeye kuzaliwa. Alisema njaa ikikaza, mjomba alikuwa na haki ya kumweka mpwa wake rehani. Anamshika mkono, anampeleka kwa mwenye nafaka, anamwacha huko, anarudi na gunia. Akipata, atamkomboa. Asipopata, basi. "Baba hawezi," nyanya alisema huku akipuliza makapi, "mtoto si wake. Mjomba aweza." Aliyasema bila uchungu, kama mtu aelezaye bei ya samaki. Mimi niliyasikia, nikayaweka.

Safari hiyo tulikuwa tumepiga kambi kando ya kijito, na adhuhuri imepita. Nilikuwa naosha masufuria mbali kidogo. Nikainua kichwa nikamwona Bwana Ngozi amechutama mbele ya mjomba, na bunduki iko magotini mwa mjomba. Mzungu akainua vidole vya mkono mmoja. Mjomba akatikisa kichwa. Mzungu akainua mikono miwili. Mjomba akatikisa kichwa tena, akasema neno, akanyoosha kidole. Kidole kilikuwa kinanielekea mimi.

Mzungu akageuka akanitazama. Akaondoka pale, akaja, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akakigusa kijaluba changu, akacheka kwa furaha. Akarudi kwa mjomba, na vidole vikapanda tena.

Kombo alikuwa ananipita na kuni. Akasema, "He! Leo wauzwa wewe. Huko kwao watakulisha jibini mpaka uwe mweupe kama mbuzi wa kafara."

Ulikuwa mzaha. Kombo hakuwa na jingine mdomoni ila mzaha. Lakini mimi sikuusikia kama mzaha. Nikaona yote sasa: kaniki, mizigo kichwani, miguu mitupu, msafara. Kwa nini tuvalishwe nguo za zamani kama si kwa kufanya mambo ya zamani? Mwaka ule mvua ilikuwa haijanyesha, mama alikuwa anatupikia uji mara moja kwa siku, na mjomba alikuwa ndiye mjomba. Ilikuwa haki yake. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba sikuwa na mtu wa kumshtakia.

Nikaweka sufuria chini taratibu. Nikaingia kichakani. Nikakimbia.

Sijui nilikimbia wapi. Nilipita kwenye miiba ikanivua shuka. Niliona mavi ya ndovu yangali na mvuke. Nikajiingiza ndani ya shina la mti uliooza, nikajifumbata, kijaluba mdomoni ili meno yasigongane. Nikasikia wakiniita. Kombo aliita kwa jina. Mjomba hakuita jina, aliita, "Mwanangu wee! Mwanangu wee!" na kila alipokaribia nilizidi kujibana, na nikasema moyoni, ona anavyojua kubembeleza. Sauti yake ilikatika, ikawa kama ya mtu anayetapika. Halafu ikaenda mbali. Jua likaanza kuwa jekundu kwenye majani ya juu. Kitu kikubwa kilikuwa kikivunja matawi upande wa kijito.

Ndipo niliposikia honi ya gari.

Porini! Katika safari isiyo na kiberiti! Ikalia tena, ndefu. Nikafikiri, ni watu wengine, ni watu wa Likoni, wataniokoa na mjomba. Nikatoka mbio uchi nikiielekea, nikatokea kwenye njia ya udongo, na mbele yangu Landrova kuukuu na taa zake zimewaka. Bwana Ngozi ndiye aliyekuwa usukani. Kando yake, amening'inia mlangoni, mjomba.

Aliruka kabla gari halijasimama. Nilitaka kukimbia nikashindwa. Alinikamata, akanipapasa kichwa, mikono, mbavu, kama mtu anayehesabu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Umekimbia nini? Eh? Umekimbia nini, babangu?"

Nikamwambia. Nilisema, "Usiniweke rehani, mjomba. Nitakula kidogo."

Wallahi sijapata kumwona tena mtu akiwa na uso kama ule. Hakunipiga, hakucheka. Alivua kaniki yake ya juu akanifunika, akanipakata garini njia nzima kama mtoto mchanga, na mimi mkubwa wa kutahiriwa. Tulipokaribia barabara nikauliza, "Bunduki iko wapi?"

"Imebaki."

Nikadhani imebaki kambini na wapagazi. Nikalala.

Haikurudi. Bwana Ngozi naye hakurudi, kiangazi kilichofuata wala kingine. Ukoo ukakaa kikao uani kwetu, nami nachungulia mlangoni. Wakamuuliza mjomba bunduki ya nyumba ya dada yake iko wapi. Akasema, "Nimeitoa." Kwa bei gani? Akasema, "Sikuchukua kitu." Mjomba mkubwa wa ukoo akatema mate pembeni. "Mtu atoa mali ya mpwa wake kwa Mzungu, hapewi kitu! Bakari, sisi si watoto. Pesa umezila." Mama yangu alikuwa amekaa jamvini, leso imemfunika uso. Mjomba akamtazama yeye peke yake, akangoja. Mama akaivuta leso chini zaidi. Mjomba akainuka, akajipangusa suruali, akatoka.

Basi ikawa hivyo. Hakuna aliyemtukana, alikuwa akisalimiwa na kujibiwa. Lakini alipokuja kwetu mama alimkaribisha kitini, si jamvini, kama mgeni. Harusi zikachezwa, hakuitwa kutoa shauri. Magunia ya Mhindi yakamshinda, akapata kazi ya kulinda ghala Changamwe, akakaa huko kwenye kibanda cha mabati na jiko la mkaa. Karo yangu yeye ndiye aliyekuwa akiilipa. Nayo ikakatika, nami nikaanza kubeba magunia. Kila tulipokutana alikuwa na swali moja tu. Hakuuliza nimekula, hakuuliza mama hajambo. "Jiwe unalo?"

"Ninalo, mjomba."

"Haya." Anatikisa kichwa, anaangalia chini, kama aliyeangusha ufunguo.

Nami nikamjibu hivyo, mkavu, miaka yote. Moyoni nilikuwa nimeamini wanavyoamini wote: kwamba alitaka kuniuza mimi, akashindwa, akauza bunduki yangu. Alifia kule kule kibandani, na walioosha maiti walisema nyayo zake zilikuwa laini kama za mwanamke, maana alikuwa hatembei tena.

Kombo ndiye aliyenieleza. Tulikutana Changamwe nikiwa nimeshakuwa na lori la pili, yeye anauza kahawa, meno ya mbele hana, mdomo bado haufungwi. Nilimwagiza kikombe ili nijitambe kidogo, nikataja bunduki. Akaacha kumimina.

"Auze? Nani auze?" akasema. "Mzungu alimbembeleza safari zote tatu. Mjomba wako jawabu lake moja tu: si yangu, ni ya huyu. Akikuonyesha wewe! Hata siku ile ulipotoroka, ndivyo alivyokuwa akisema. Mzungu akaja kukutazama, akafurahi, mwenye bunduki ni kijitoto kama hiki."

Nikaweka kikombe chini.

"Kisha wewe ukapotea," Kombo akaendelea. "Tulikutafuta tukachoka, jua laenda, na ndovu wako pale. Mzungu alikuwa ameficha gari nyuma ya kijiji, sisi twalijua, yeye adhani hatulijui. Mjomba wako akaja mbio, akaiweka bunduki miguuni pake. Akamwambia, chukua. Lete gari lako, lete taa, nitafutie mwanangu. Chukua."

"Mzungu aliidai kwanza, ndipo alete gari?"

Kombo akapangusa mdomo wa dele la kahawa kwa kitambaa, polepole. "Hilo ndilo linaloniumiza hata leo, ndugu yangu. Mzungu alikuwa ameshainuka. Ameshatia mkono mfukoni atoe ufunguo. Nadhani angelileta bure. Lakini mjomba wako hakungoja. Na Mzungu akaona amepewa alichokililia safari tatu. Baadaye akataka kumpa noti, mjomba akazisukuma. Akaulizwa jiwe, akasema jiwe si langu."

"Kwa nini hakusema kwenye kikao?"

"Aseme nini? Kwamba mtoto wa dada yake alidhani awekwa rehani? Aliniapisha nisikwambie ungali mdogo. Alisema, usije ukajiona una bei."

Msinipe pole. Sihitaji. Mtoto ni mtoto, alikimbia kwa kile alichokisikia, na mzaha wa Kombo haukuwa dhambi. Mama nilimweleza, akiwa mgonjwa tayari. Aliniomba nimtandikie jamvi chini, akalala hapo. Mimi nikarudi kwenye malori yangu nikafanya kazi kama punda, na kijaluba nikakitia kwenye droo ya gari. Madereva hudhani ni dawa ya biashara. Dada sina, mpwa sina. Jiwe limekosa nyumba ya kulala.

Sasa rudini nami kule milimani. Nilishuka garini, nikavalishwa kaniki kama wengine. Bunduki zilikuwa zimepangwa mezani, nyingi za kuigiza, za kiwandani. Moja haikuwa. Sikuhitaji kuona waya wa shaba. Nilipitisha kidole gumba kwenye kitako, chini ya waya, na kucha ikaingia kwenye vishimo viwili.

Nikamwambia dada wa mapokezi, "Hii ni bunduki yangu."

Akatabasamu vizuri. "Karibu, mzee. Wengi wakiishika husema hivyo hivyo."

"Nauliza bei yake."

"Hiyo haiuzwi, mzee. Twaambiwa ilikuja na Mzungu mmoja, mwenye shamba hili wa zamani. Lakini waweza kuipiga, ni miongoni mwa huduma."

Nikaomba mkubwa wao. Akaja kijana wa heshima, shikamoo nyingi. Nilimtajia pesa, akatikisa kichwa. Nikaongeza. Nikamtajia lori. Mwanahamisi akanivuta mkono, "Baba, watu watazama." Nikajiona nainua vidole, kiganja cha kwanza, kisha cha pili, mbele ya mtu anayetikisa kichwa, nikashusha mikono.

Nikaenda garini nikachukua kijaluba. Nikamwomba yule kijana wa baruti atoe jiwe lao, atie hili. Alicheka, "Mzee umekuja na spea zako!" lakini akakubali, jiwe lao akalitupia pembeni kwenye nyasi za kambi, akalikaza langu katika taya za mtambo. Baada ya umri wote ule vikawa mahali pamoja. Baruti, makumbi, mdeki. Nikainua. Mbele kulikuwa na kichaka tu, na anga. Nilikosa vizuri.

Moshi ulipoondoka, kwenye taya hakukuwa na kitu. Jiwe lilikuwa limepasuka. Vipande vimeruka sijui wapi. Nilipiga magoti na kaniki yangu nikapapasa nyasi, mzee mzima, na Mwanahamisi akapapasa nami bila kujua tunatafuta nini. Tulipata chembe moja kama punje ya mchele. Kijaluba kilikuwa wazi, chanukia karafuu.

Langoni yule kijana alikuna kichwa. "Samahani mzee, kifaa kikiharibika mgeni hulipia. Jiwe."

"Lilikuwa la baba!" Mwanahamisi akapaza sauti. "Amekuja nalo mwenyewe!"

"Naelewa, dada. Lakini bunduki ilitoka na jiwe, imerudi haina jiwe, na lile letu nimelitafuta silioni."

"Baba, usilipe."

Nilimtazama kijana yule, nikaitazama bunduki begani kwake, yapelekwa ndani. Nikatoa. Kiingilio, baruti, na jiwe lililovunjika: shilingi elfu kumi na sita, mia tatu na hamsini.